Roda ya Omo ya Dobrila

9 Februari

Daftari hili alipewa Jerko hospitalini Split, ajizoeze kuandika kwa mkono wa kushoto. Amelitupa kwenye kikapu cha kuni, pamoja na magazeti ya kuwashia jiko. Nimeliokota. Kurasa tisini na sita, safi, na kalamu yake. Mume wangu hataki kuandika. Mimi nina ya kuandika, na sina wa kumwambia, maana hapa kisiwani unayemwambia jambo asubuhi amekwisha kuwaambia wengine kabla hujafika mlangoni kwako.

Basi naanza. Mimi ni Perina, mke wa Jerko, umri miaka hamsini na tisa, mvuvi. Jerko akijaza fomu huandika kwamba mkewe ni mama wa nyumbani. Nimevua naye miaka thelathini na mmoja.

11 Februari

Bura, ule upepo baridi wa kutoka bara, siku ya pili. Imeng'oa vigae viwili vya banda. Jerko ameketi jikoni anautazama mkono wake.

14 Februari

Nilikwenda dukani kwa Dinka kununua mkate. Hapakuwa na mtu mwingine. Dinka akainama juu ya kaunta, akanishika kiwiko.

"Perina, mwenzangu, usijilaumu sana."

"Kujilaumu kwa lipi?"

"Hilo la mkono wa Jerko. Kila mtu hukosea. Injini si cherehani."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia aseme tena, kwa Kikroatia cha kawaida. Akaanza kupanga makopo ya nyanya yaliyokuwa yamekwisha kupangwa.

"Watu wanasema tu."

"Watu gani?"

"Vice. Usimwambie nimekwambia. Na Vice kaambiwa na Jerko mwenyewe. Kwamba ulitia gia kabla hajakupa ishara. Lisemwalo lipo, ndugu yangu, lakini mimi sikulaumu. Mwanamke kwenye injini, upepo umegeuka…"

Vice ni rafiki wa Jerko, hushinda kwenye benchi la bandarini. Nikaacha mkate juu ya kaunta, nikatoka. Miezi minne. Miezi minne mizima nimepita mbele ya benchi la bandarini nikisalimia watu, na wao wakinitazama mimi niliyemkata mume wangu vidole.

15 Februari

Nilimuuliza alipokuwa anakunywa supu.

"Umewaambia watu kwamba nilitia gia bila wewe kuniambia?"

"Watu husema mengi."

"Sikuulizi habari za watu."

"Perina, mkono unaniuma."

Mkono unamuuma kila nikiuliza swali.

16 Februari

Mvua. Nilichambua maharage. Sikumpikia.

20 Februari

Nitaandika jinsi ilivyokuwa, ili iwe imeandikwa mahali.

Dobrila ni mashua ya mbao, mita sita, ina injini ya dizeli. Aliijenga baba yake Jerko, akaipa jina la mkewe. Tarehe kumi na tisa Oktoba tulikuwa kwenye ghuba ndogo nyuma ya mnara wa taa. Nyavu zilikwisha kupanda, upepo ukageuka, tukataka kuondoka. Nanga ikagoma. Ilikuwa imenasa mwambani.

Kwa Dobrila nanga huvutwa kwa mikono. Mnyororo ulikuwa unapita katika mdomo wa shaba uliokuwa ukingoni mwa omo, kipande kizito chenye mfereji, ndipo unafika kwenye kigingi. Nanga ikinasa, aliyeko omo huzungusha mnyororo kwenye kigingi, aliyeko nyuma hutia gia, mashua inasonga mbele na kuing'oa. Tumefanya hivyo zaidi ya mara mia. Jerko omo, mimi nyuma. Ishara ni moja: mkono wa kushoto juu, maana yake tia gia.

Jerko aliinua mkono wa kushoto. Niliuona kama ninavyoiona kalamu hii. Nilitia gia.

Mnyororo ukakaza, nikasikia mlio kama chungu kinachopasuka. Mdomo wa shaba ulikatika. Mnyororo ukaruka pembeni ukambana mkono wa kulia kwenye kigingi. Kidole cha shahada na cha kati. Nilimfunga kwa sweta yangu, nikakata kamba ya mwisho wa mnyororo, nanga nikaiacha palepale chini. Saa nzima mpaka bandarini. Jerko hakupiga kelele. Alikuwa anasema tu "mama, mama," na mama yake alikufa mwaka wa themanini na nane. Kwa hilo simcheki. Kwa mengine yote, nitaona.

Miaka kumi nilimwomba tufunge roda kwenye omo. Ni gurudumu la plastiki ngumu ndani ya kishikio cha chuma kinachochomoza mbele ya mashua. Mnyororo unateleza juu yake badala ya kukwaruza ukingo, na pini inapita juu ili usiweze kuruka. Mtoto anaweza kuvuta nanga. Jerko akanijibu, "Roda ni za mashua za watalii. Baba yangu hakuwa na roda." Baba yake hakuwa na meno pia.

Sasa anataka kuiuza Dobrila. Vice ana mtu wake Zagreb, atakuja wakati wa Pasaka. Jerko hakuniuliza. Alinitangazia.

Nami leo nimemtangazia: nafunga roda.

"Nani atafunga?"

"Mimi."

"Na nani atavua?"

"Mimi."

Akacheka kwa pua. Nitakumbuka kicheko hicho.

27 Februari

Nilikwenda karakana ya Tadija, fundi chuma. Nilikuwa na kipande cha kadibodi nilichokata kwa umbo la omo, na vipimo vyote. Tadija ni mtu mkubwa, hapendi kuzungumza, na sigara yake haitoki mdomoni hata anapochomelea.

Nilimweleza: chuma cha pua, unene wa milimita nne. Nguzo ya omo ya Dobrila inachomoza juu ya sitaha, kwa hiyo kishikio kikae upande wa kulia wake, siyo katikati. Kichomoze mbele sentimita ishirini na mbili, ili nanga ikipanda isigonge mbao. Na pini juu ya roda. Pini isikose.

"Jerko anajua?" akauliza.

"Anajua."

Akaitazama kadibodi muda mrefu kuliko kadibodi inavyostahili.

"Pini hiyo," akasema, "ni wazo zuri."

Nikadhani ananionea huruma. Nikaondoka nimekasirika.

3 Machi

Jugo. Upepo wa kusini, wenye unyevu; bahari imekuwa ya kijivu, kuta za nyumba zinatoka jasho. Kila mtu ana hasira leo. Kwangu hakuna aliyeona tofauti.

8 Machi

Siku ya Wanawake. Vice aliniletea ua moja jekundu pale ufukweni, Dobrila ilipoegeshwa juu ya magogo. Benchi zima likatazama.

"Kwa fundi wetu," akasema. "Shemeji, ukimaliza kutoboa hapo juu, uje unitoboe na masikio."

"Ya nini? Hayasikii hata yalivyo."

Wakacheka wote, na Vice akacheka zaidi ya wote, ndivyo alivyo. Mtu ambaye huwezi kumkera ni balaa.

Kisha Tadija akaleta kishikio. Nikakiweka juu ya omo, nikaning'iniza nanga mpya. Kucha ya nanga ikagonga ubao wa tatu kutoka juu, ikaacha alama. Nikapima. Sentimita kumi na nne.

"Nilikwambia ishirini na mbili."

"Kumi na nne ndiyo tunayowafungia wote."

"Wote wana mashua za plastiki zenye pua iliyolala. Hii pua yake imesimama. Nilikupa kadibodi."

"Kadibodi imelowa."

"Basi namba ilikuwa kwenye kadibodi na kwenye mdomo wangu. Mdomo haukulowa."

Vice pale nyuma akasema, "Mwache mwenye kazi yake afanye kazi yake, Perina." Nikamgeukia Tadija nikamwambia achukue chuma chake, arudi nacho kikiwa na ishirini na mbili. Akakichukua. Jerko alikuwa amesimama juu ya ukuta wa bandari, mikono yote miwili mfukoni. Hakushuka.

Ua nimempa mbuzi wa Dinka.

11 Machi

Jugo tena. Nilikuna rangi ya ubavu wa kushoto mpaka mabega yakakataa.

16 Machi

Leo mwandiko utakuwa mbaya.

Nilikuwa nakuna rangi ukingoni mwa omo ili kusafisha mahali pa kishikio. Nusu ya ule mdomo wa shaba bado ilikuwa imefungwa hapo kwa skrubu mbili. Nusu nyingine iko chini ya bahari. Nikazifungua skrubu, nikaishika ile shaba, nikageuza pale ilipokatikia.

Sehemu ndogo tu ya mkato ilikuwa safi, rangi ya shaba mpya, kiasi cha upana wa kucha yangu. Sehemu nyingine yote ilikuwa nyeusi. Na ndani ya ule weusi, kwenye ufa wenyewe, kulikuwa na puti. Puti ya mbao, ile nyeupe ya kuzibia nyufa. Na juu ya puti, rangi ya kijani.

Dobrila miaka yote ilikuwa ya buluu. Kijani tuliipaka masika iliyopita. Mimi nilipaka ubavu. Omo alipaka Jerko, akaniambia nisijisumbue na omo, ana mkono mwepesi kwa sehemu ndogo ndogo.

Alijua. Shaba ilikuwa na ufa theluthi mbili na alijua, akaujaza puti kama mtu anayeziba tundu la panya, akapaka rangi, akasimama pale mbele majira yote ya joto na vuli, akainua mkono, nami nikatia gia. Halafu akawaambia ni mimi.

Nimeiweka shaba mfukoni mwa aproni. Chakula cha jioni nilipika. Blitva, mboga kama mchicha, na viazi. Nilimtazama anakula kwa mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba sikumsaidia kukata.

17 Machi

Ingawa ni Jumapili nilikwenda kwa Tadija. Nikaweka shaba juu ya meza yake, hata sijamsalimia. Hakuigusa.

"Unaijua hii."

"Naijua."

"Tangu lini?"

Akaitoa sigara mdomoni. Sijawahi kuona akiitoa.

"Mwaka jana mwezi wa tatu. Aliniletea, akauliza kama inachomeleka. Nikamwambia shaba ya zamani namna hii haichomeleki, itapasuka pembeni. Nikamwambia atupe, afunge roda. Akasema atafikiri."

"Na ulisikia wanavyosema juu yangu pale kwenye benchi."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Mimi siingilii ndoa za watu, Perina."

"Lakini benchi zima limeingia, Tadija. Limeingia mpaka jikoni. Umebaki wewe peke yako nje, mwenye ukweli mfukoni."

Akawa mwekundu mpaka shingoni. Akaniambia kishikio kiko tayari, sentimita ishirini na mbili, na amekikata chuma kipya kabisa badala ya kuunga. Akaniambia hataki malipo ya ziada. Nikamwambia sikuja kuomba punguzo. Niliondoka na kishikio begani na shaba mfukoni, na nilipofika kwenye ngazi za kanisa nikakaa. Watu walikuwa wanatoka misa. Wakanisalimia vizuri sana.

19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Sikusema kitu nyumbani. Nangoja. Sijui nangoja nini.

22 Machi

Bura. Baridi. Jerko aliuliza kwa nini sisemi. Nikamwambia mdomo unaniuma.

29 Machi

Nimetoboa. Matundu manne kwenye sitaha ya omo, makubwa kuliko bolti kwa makusudi, kisha nikayajaza gundi ngumu, ile ya kuchanganya kutoka makopo mawili, na ikishakauka nitatoboa tena katikati yake, tundu dogo la saizi ya bolti. Hivyo bolti inakaa ndani ya gundi, maji hayafiki kwenye mbao. Nilisoma kwenye kitabu cha mkwe wangu, halafu nikamsikia Vice akiwaambia wenzake kwamba mama mzima anachimba visima kwenye mashua ya watu.

Drili ilipopita kwenye ubao, ilitoa harufu ya msonobari, mpya kabisa, baada ya miaka hamsini na mitano. Nilisimama hapo nikinusa. Dakika moja tu ya siku hii ambayo sikuwa na hasira.

4 Aprili

Kufunga bolti ni kazi ya watu wawili. Mmoja juu anazungusha bolti, mwingine chini ya sitaha anashika nati kwa spana, na bamba la chuma lililokaa chini lisisogee. Nilijaribu peke yangu. Niliibana spana kwa kabari ya mbao, nikapanda juu, nikazungusha; kabari ikaruka, bolti ikazunguka bure. Nikashuka, nikapanda. Mara sita. Nikamwomba Vice. Akasema angekuja, ila mgongo. Mgongo huohuo ulibeba pipa la divai jana.

Nilipoinua kichwa mara ya saba, Jerko alikuwa ameshuka ukutani. Akavua koti, akaingia kwenye tundu la omo, shimo ambalo mtu huingia kwa tumbo kupitia mfuniko wa sitaha na akiwa ndani hawezi hata kukaa. Nikasikia anahema, anatafuta spana kwa mkono wa kushoto.

"Ya kwanza," sauti ikatoka chini. "Zungusha."

Nikazungusha. Gundi nyeupe ya kuzuia maji ikatoka pembeni mwa kishikio, sawasawa pande zote, jinsi inavyotakiwa.

"Ya pili."

Nikafunga ya pili. Kisha nikaweka spana yangu chini, nikarudisha mfuniko, nikaukalia.

"Mbona giza?" akauliza.

"Shaba ilikuwa na ufa."

Nikasikia spana ikiacha kukwaruza.

"Jerko. Ilikuwa na ufa, na uliujaza puti, ukapaka kijani. Ninayo mfukoni. Tadija ameniambia ulimpelekea."

"Tadija ana mdomo."

"Anao. Aliufunga mwaka mzima. Mngefaa kuoana."

Spana ikaanguka kule chini. Nikamsikia anapapasa.

"Nifungulie nitoke, tuzungumze kama watu."

"Tunazungumza."

Sauti yake ilikuwa inapanda kupitia matundu mawili ambayo bado hayakuwa na bolti. Watu wa benchi walikuwa mbali, waliniona mimi tu, nimeketi kwenye omo kama mtu anayepunga upepo.

"Nilidhani itashika mpaka vuli," akasema.

"Ilishika mpaka vuli."

"Usinidhihaki, Perina."

"Na mkono?"

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Uliinua au hukuinua?"

Shakwe alikuja akatua kwenye nguzo ya omo, akanitazama, akaruka.

"Niliinua."

"Sema yote."

"Niliinua mkono. Ukatia gia kama nilivyokuambia."

Nilidhani nikisikia maneno hayo nitapata nafuu. Ndio kwanza hasira ikapanda.

"Basi kwa nini?"

"Daktari aliniuliza nani alikuwa kwenye injini. Nikasema mke wangu. Akasema, 'Ahaa, basi.' Vile alivyosema 'basi', Perina. Ilikuwa rahisi. Nikarudi nyumbani, Vice akaniuliza, nikajibu vilevile. Sikusema kwamba umekosea. Walimalizia wenyewe. Mimi niliacha tu."

"Uliniacha mimi."

Nikaupigapiga mfuniko kwa kiganja.

"Miezi mitano, Jerko. Dinka ananishika kiwiko. Wanasema injini si cherehani. Nami nilikufunga ule mkono, nikakuosha, nikakufungia vifungo vya shati kila asubuhi, na wewe umekaa umeinua kidevu, unafungwa."

"Ningewaambia nini? Kwamba nilijikata mwenyewe kwa sababu ya puti? Ningekuwa nani? Mjinga mwenye vidole vitatu."

"Sasa ni mwongo mwenye vidole vitatu."

Kukatoka sauti kule chini, katikati ya kicheko na kikohozi.

"Perina, kuna buibui humu."

"Msalimie."

Nikakaa kidogo zaidi. Sikuwa na haraka. Sijawahi kuwa na mazungumzo marefu kama hayo naye tangu tufunge ndoa, na ilibidi nimfungie shimoni.

"Utawaambia," nikasema.

"Nani?"

"Wale uliowaambia."

Baadaye akasema, "Ya tatu. Zungusha, gundi inakauka."

Kwa hilo alikuwa sahihi, nikaondoa mfuniko nikazungusha. Tukafunga ya tatu, tukafunga ya nne. Alipotoka, nywele zilikuwa zimejaa gundi na vumbi, na kiwiko kinavuja damu. Nilitaka kumpiga. Nikampa kitambaa.

5 Aprili

Nilikaza bolti zote robo mzunguko, gundi ikiwa imeshika. Hazikusogea hata unywele.

14 Aprili

Jumapili ya Matawi. Baada ya misa Vice akamleta mtu wake wa Zagreb, mwenye viatu vyeupe. Nilikuwa juu ya Dobrila nafunga pini ya roda. Yule bwana akauliza kama hicho kitu kitabaki au nitaking'oa. Nikamtazama Jerko. Nilikuwa nimeshika spana ya kumi na saba na nilikuwa tayari kwa jibu lolote.

"Haiuzwi," Jerko akasema.

"Vipi haiuzwi?" Vice akaruka. "Mzee, tulikubaliana."

"Tulikubaliana mimi na wewe. Mashua ina wenyewe wawili."

Vice akapunga tawi lake la mzeituni kama anayefukuza nzi, akamchukua mgeni wake kwenda kunywa rakija. Nilifurahi kiasi cha dakika tano. Kisha nikang'amua: mdomo huohuo wa Jerko, benchi hilohilo, watu walewale mbele yake. Hilo ameweza kulisema. Lile hakulisema.

19 Aprili

Ijumaa Kuu. Samaki mkavu na viazi. Alikuwa na chumvi sana, na Jerko alikula wote bila kulalamika. Anajua siku gani si ya kulalamika.

27 Aprili

Nimepaka rangi. Nimerudisha buluu. Omo nimepaka mwenyewe.

4 Mei

Tumeishusha Dobrila majini. Imevuja siku nzima kama ilivyo desturi mpaka mbao zivimbe, kisha imenyamaza. Tadija alikuja kusaidia kusukuma, bila kuitwa. Alipita karibu nami akasema, "Nilikosea kunyamaza." Nikamwambia ndiyo. Akangoja nitasema nini tena. Sikuwa na zaidi.

8 Mei

Jugo. Tumengoja.

11 Mei

Bahari imetulia. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, Jerko nyuma, mimi omo. Niliamua mimi kwamba tunakwenda ghuba ile ile ya nyuma ya mnara wa taa. Alinitazama nilipomwambia, akageuza usukani.

Tuliteremsha nanga, tukavua kwa mishipi muda wa saa mbili. Samaki saba, na pweza aliyejileta. Hatukuzungumza, ila haikuwa kununiana. Ilikuwa kazi.

Wakati wa kuondoka nilivuta, na nanga ikagoma. Ghuba ile ina mwamba kila mahali, nilijua. Nikazungusha mnyororo kwenye kigingi, nikahakikisha pini ya roda imepita mpaka upande wa pili, nikarudi nyuma hatua mbili mbali na mnyororo. Kisha nikamgeukia.

Alikuwa anautazama mkono wangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye gia.

Sikuinua mara moja. Nilimwacha asubiri. Nilihesabu mpaka ishirini, polepole, na sijuti. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji, na ule mkono kwenye gia haukusogea. Hakuniita, hakuniharakisha. Alisubiri tu kuambiwa, kama nilivyosubiri mimi miaka yote.

Nikainua mkono. Akatia gia. Mnyororo ukakaza, roda ikalia mara moja kama mlango, na sitaha chini ya miguu yangu haikutetemeka. Halafu mashua ikaruka mbele kidogo, mnyororo ukalegea. Nanga imeng'oka. Nikavuta mita ishirini nimesimama wima, mnyororo unaingia wenyewe kama maji, na mwisho nanga ikapanda ikajilaza kwenye roda. Haikugusa ubao hata mmoja.

Nikamtazama Jerko. Alikuwa ameuma mdomo.

"Umeniweka sana," akasema.

"Najua."

Tulipoingia bandarini benchi lilikuwa limejaa. Vice katikati, wawili wanaokunywa kahawa pembeni yake, na mwishoni mzee Šime, ambaye sikio lake moja lilibaki vitani.

"Haya, kapteni," Vice akaita, "mmerudi na vidole vyote?"

Jerko alizima injini. Mashua ikawa inakwenda yenyewe, polepole, kuelekea ukuta.

"Vice," akasema, "ile siku niliinua mkono. Perina alitia gia kwa sababu nilimwambia. Na ile shaba ilikuwa na ufa tangu masika, nikaujua, nikaupaka puti. Hakukosea yeye. Ni mimi."

Mmoja wa wale wa kahawa akaweka kikombe chini kwa uangalifu, kama kuna mtoto amelala. Vice akatazama viatu vyake, akainua mabega.

"Basi, ndugu yangu. Hayo yamepita."

"Hayajapita," nikasema. "Jerko, sema tena. Mzee Šime hasikii vizuri."

Jerko akanigeukia. Niliona jinsi uso ulivyompauka, na niliona pia kwamba atasema. Akasimama pale nyuma, akajishika ukingoni kwa mkono wake wa vidole vitatu, akayarudia yote kwa sauti, neno kwa neno, ufa na puti na mkono, mpaka Dinka akatoka mlangoni mwa duka kusikiliza.

Mzee Šime akatikisa kichwa.

"Nilisikia mara ya kwanza," akasema.

"Haidhuru," nikamwambia, nikamrushia Vice kamba ya omo aifunge.